Risper na ukurasa usiojua mwezi

Saa mbili na robo asubuhi mjini Oyugis, Risper Oyaro tayari amegombana na kompyuta yake mara mbili. Kwenye kioo amefungua kurasa nne zinazofanana: picha ya wanawake wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, jina la kikundi, nambari ya simu. Ukurasa wa kwanza unapendeza, lakini haujamaliza kufunguka. Wa pili umefunguka, na chini yake kuna tangazo la kamari ambalo yeye hakuliweka. Wa tatu umejaa herufi nene kuanzia juu hadi chini, kisa Risper amesahau alama moja ndogo. Wa nne hauna kosa lolote. Hauna uzuri wowote pia.

"Hebu nisaidie," anamwambia Emmah, fundi cherehani anayekodi naye chumba hicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. "Kama wewe ni mteja, ungechukua upi?"

Emmah anainua macho kutoka kwenye sare ya shule anayoipinda. Anatazama kioo kwa muda.

"Huo wa kwanza."

"Huo haujafunguka, Emmah."

"Ndiyo maana naupenda. Bado haujanikosea."

Risper hacheki. Ana siku sita za kuchagua programu moja kati ya nne za kutengenezea tovuti. Toa Sabato, siku asiyofanya kazi, zinabaki tano. Akikosea, Kikundi cha Wanawake cha Kinda, chenye wanachama 23 kule Muhuru Bay, kitampa kazi hiyo mtu mwingine. Na hii itakuwa mara yake ya pili kukosea.

Risper ana umri wa miaka 41 na ni mama wa watoto watatu. Hakusomea kompyuta. Alisomea uhazili, akapata diploma, akafanya kazi ya kuandika barua za watu wengine kwa miaka kumi na minne. Chumba chake kina kompyuta mbili, mashine moja ya kuchapisha, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya.

Kazi ya kuchapa inakufa, anasema bila kupepesa macho. Kuchapa ukurasa mmoja ni shilingi thelathini. Siku nzuri anaingiza shilingi mia tisa. Siku mbaya ni mia mbili na hamsini, na chai imo humo humo.

"Zamani mtu akitaka barua ya kuomba kazi alikuja kwangu. Leo anaiandika kwa simu akiwa kitandani, anakuja tu kuitoa kwa karatasi. Shilingi kumi, ameenda."

Ndiyo sababu, miaka mitatu iliyopita, alianza kutengeneza tovuti ndogo. Kurasa tatu, nne: sisi ni nani, tunauza nini, tupigie simu. Mpaka sasa ametengeneza saba, ikiwemo ya shule ya chekechea na ya mkulima wa Kasipul anayeuza miche ya viazi vitamu. Kila moja humpa shilingi elfu kumi na mbili.

"Watu wanafikiri kazi ngumu ni kuitengeneza," anasema. "Kuitengeneza ni siku tatu. Kuchagua utaitengeneza kwa programu gani, hapo ndipo kichwa kinapasuka."

Programu hizo ni nyingi mno. Kila moja inajisifu kuwa rahisi kuliko zote. Nyingine hazikutaki ujue chochote: unaburuta picha kwa kidole, unaiacha pale unapopenda. Nyingine zinakutaka uandike kila kitu mwenyewe kwa lugha ya kompyuta. Kuna za bure, kuna za kulipia kila mwezi, na kuna zinazosema ni za bure mpaka siku utakapotaka kitu cha maana.

Risper aliwahi kuingia kwenye kundi la watengeneza tovuti mtandaoni, akauliza ipi inafaa biashara ndogo. Alipata majibu sitini. Watu wawili walitukanana kwa sababu ya swali lake, na mmoja akamwambia kama anauliza swali hilo, basi aache kazi.

"Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia."

Alichofanya ni kununua daftari la kurasa 96 na kuanza kuzipa programu majina, ili akumbuke tabia zao. Daftari hilo limebaki na programu nne tu zisizopigwa mstari.

Ya kwanza anaiita Bwana Harusi. Imevaa vizuri kuliko zote, picha zinateleza zenyewe, rangi zinakubaliana. Lakini inakula bando, na baada ya siku kumi na nne za majaribio inataka zaidi ya shilingi elfu mbili kila mwezi. Kwa Risper, ambaye ni Msabato, hata hizo kumi na nne si kumi na nne. "Toa Sabato mbili. Wao hawajui."

Ya pili ni Binamu. Haidai kitu, ila huja na marafiki zake. Risper aliitumia kutengeneza ukurasa wa kwaya ya kanisa lake, na baada ya wiki moja mzee wa kanisa akampigia simu.

"Dada Risper," alisema kwa upole mkubwa, "kwaya yetu imeanza kubeti?"

Ya tatu ni Mwalimu wa Zamu. Hapo unaandika kila kitu kwa mkono, na ukikosea nukta moja unaadhibiwa mbele ya wote. Lakini kurasa zake ni nyepesi. Zinafunguka hata pale ambapo mtandao ni wa kuombea.

Ya nne ameiita Mboga ya Jana. Imepoa, haina mapambo, na hakuna anayeisifu. Huwezi kuweka picha zaidi ya tatu. "Inafanana na tangazo la mazishi," anasema Risper. "Unatafuta chini kuona maiti itatoka mochari saa ngapi."

Kosa lake la kwanza na kikundi cha Kinda lilianzia kwenye Bwana Harusi.

Marcella Awuor, mwenye umri wa miaka 52, ndiye katibu wa kikundi. Wanawake wake hununua omena kwa wavuvi asubuhi, huianika juu ya nyavu ufukweni, kisha huiuza kwa magunia. Kwa miaka mingi walimngojea mnunuzi yeyote aliyepita, wakakubali bei aliyokuja nayo. Walitaka wanunuzi wa Kisii na Migori wawaone kabla ya kuja, na wapige simu. Marcella alisikia habari za Risper kutoka kwa yule mkulima wa miche ya viazi.

Risper alifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliuliza wanapenda rangi gani. Aliomba picha, akapata arobaini. Aliuliza jina la mwenyekiti, mwaka wa kuandikishwa, nambari za simu. Bwana Harusi alikuwa na sehemu nzuri ya duka: unaandika bidhaa, unaandika idadi iliyopo, na kando yake linatokea neno la kijani, IPO. Programu ilikataa kuendelea bila idadi. Risper akapiga simu Muhuru Bay.

"Mna magunia mangapi?"

"Leo? Arobaini," akajibu Marcella.

Risper akaandika arobaini, neno la kijani likatokea, naye akalipenda.

Kuna jambo moja hakuuliza, kwa sababu hakujua kuna swali. Risper ni mtoto wa mahindi na viazi. Alizaliwa na kukulia Kasipul, mbali na maji, ambako omena hufika sokoni ikiwa kavu na iko mwaka mzima, mara ghali, mara nafuu. Hakujua kwamba omena huvuliwa gizani. Wavuvi huelea na taa, samaki hufuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa, na omena haina haja na taa ya mtu. Mashua hupumzika kwa siku kadhaa. Muhuru Bay kila mtoto anajua hivyo.

Jumatatu ya mwezi mpevu, Bwana Ombui, mfanyabiashara wa Kisii, alisoma neno IPO kwenye simu yake. Hakupiga simu. Ya nini, na imeandikwa? Alikodi kenta na kufika Muhuru Bay saa nne asubuhi akiwa na magunia matupu na vijana wawili wa kupakia. Alikuta nyavu zimekunjwa. Wanawake wa Kinda walikuwa wamekaa kivulini wakisukana nywele.

Marcella anakumbuka jinsi alivyosimama katikati yao, simu mkononi, akasoma kwa sauti kama anayesoma hukumu: "Magunia arobaini. Ipo."

"Baba, mwezi umejaa," Marcella akamwambia. "Hata wewe umeuona jana usiku."

"Mimi sikuangalia juu, mama. Niliangalia simu. Ninyi ndio mmeandika."

Kwa kweli Marcella alikuwa amejaribu kubadilisha neno hilo siku tatu mfululizo. Kila alipotaka kuingia, Bwana Harusi alitaka kwanza nambari ya siri aliyoituma kwa ujumbe mfupi. Lakini ufukweni Muhuru Bay simu hushika mtandao wa upande wa Tanzania inapojisikia, na ujumbe ulifika nambari ikiwa imeshapita muda wake.

Ombui alirudi Kisii na kenta tupu. Marcella akampigia Risper, na hakusalimia.

"Nyathina, mwanangu, kwani hiyo kompyuta yako haijui mwezi?"

Risper anasema hakuelewa swali. Alifikiri ni mwezi wa malipo. Alianza kueleza kwamba siku za bure bado hazijaisha, mpaka Marcella akamkatiza.

"Mwezi wa juu! Huu wa Mungu! Umetufanya waongo mbele ya mnunuzi."

Kisha likaja sharti. Giza likirudi, mashua zikitoka, ukurasa uwe unasema ukweli. La sivyo kazi itaenda kwa Javan, kijana mwenye ofisi mjini Migori ambaye amekuwa akikizungukia kikundi hicho kwa miezi miwili.

"Si hiyo kazi moja tu," anasema Risper. "Pale ufukweni kuna vikundi vingine sita, na vyote vinaangalia Kinda. Javan akiingia, ameingia kote. Mimi nitarudi kwa shilingi thelathini."

Alipomsimulia Emmah, mwenzake huyo hakumbembeleza.

"Umekata kitambaa kabla ya kumpima mtu. Halafu unashangaa suti inambana."

"Emmah, nisaidie au unyamaze."

"Nakusaidia. Nenda ukampime."

Kwa hiyo Alhamisi Risper yuko Muhuru Bay, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, na Marcella amekaa juu ya jingine. Katikati yao kuna simu ya Marcella, ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Risper ametengeneza ukurasa uleule kwa programu zote nne. Jaribio ni moja: Marcella abadilishe IPO iwe HAKUNA, peke yake, na Risper asiguse simu.

Wanaanza na Bwana Harusi. Inaomba nambari ya siri. Wanangoja. Wanakunywa chai. Vikombe vinaoshwa. Ujumbe unaingia.

"Imesema muda umekwisha," anasoma Marcella. "Muda wa nani? Mimi nilikuwa hapa tu."

Wanaenda kwa Binamu. Marcella anabonyeza mahali alipoonyeshwa, lakini kidole chake kina unyevu na kinateleza, na tangazo ndilo linalofunguka. Anasogeza simu mbali na macho, kisha anaileta karibu.

"Risper, huyu mwanaume ni nani?"

"Ni tangazo la watu wanaotafuta wachumba, mama. Rudi nyuma."

"Ana sura nzuri," anasema Marcella, na wanawake wawili wanasogea kuona. "Lakini omena hana. Toa."

Mwalimu wa Zamu hachukui hata dakika. Marcella anaona mistari ya alama na mabano, anarudisha simu. "Hii ni sala ya lugha gani?"

Inabaki Mboga ya Jana. Marcella anafungua, na kwa sababu alishaingia mara moja, programu haimuulizi tena kitu. Anabonyeza neno, anafuta, anaandika, anabonyeza alama ya sawa. HAKUNA. Ametumia sekunde hamsini.

Hapo mtu angedhani Risper amefurahi. Hakufurahi. Alikuwa amechanganyikiwa zaidi, na anakiri hivyo. Miaka mitatu yote alichagua programu kwa macho yake mwenyewe, kwenye kioo kikubwa, mkono ukiwa mkavu. Alijua kupanga rangi. Sasa aliambiwa kwamba ile aliyoiona mbaya ndiyo iliyofaulu, na hakuweza kukubali kumkabidhi mteja wa shilingi elfu kumi na mbili kitu kinachofanana na tangazo la mazishi.

Akajaribu njia nyingine.

"Mama Marcella, tuache Bwana Harusi, lakini niiwekee kalenda ya mwezi. Mwezi ukijaa, ukurasa unajizima wenyewe. Wewe huna haja ya kugusa kitu."

Marcella alimtazama kwa huruma.

"Na mvua?"

"Mvua gani?"

"Mvua ikinyesha, omena haikauki. Inaharibika, tunaiuza kwa chakula cha kuku. Iko kwa kalenda?"

"Hapana."

"Na upepo ukikataa mashua? Na injini ya mashua ya Werema ikikufa, vile ilikufa mwaka jana wiki nzima? Hiyo iko kwa mwezi gani?"

Risper akaitazama Mboga ya Jana kwenye kioo cha simu.

"Basi niachie mimi," akasema Marcella. "Mimi ndiye ninayeona."

Ijumaa Risper alishinda Oyugis akihamisha kazi yote kwenye Mboga ya Jana. Picha arobaini zikawa tatu. Alichagua, akabadilisha, akarudisha zile za kwanza. Rangi ya samawati aliyoipenda haikuwepo. Kulikuwa na bluu moja tu, ya kadi ya kliniki. Mara mbili aliifungua tena Bwana Harusi, kutazama tu. Saa kumi na moja jioni, jua likielekea kuzama na Sabato kuingia, alizima mashine bila kujua kama amefanya sawa. Jumapili asubuhi alikamilisha. Jumanne jioni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi upungue, mashua za Muhuru Bay zilitoka.

Jumatano asubuhi Risper hachapi kitu. Ukurasa wa Kinda uko mbele yake. Umeandikwa HAKUNA kwa herufi nyeusi. Saa tatu anaufungua upya: HAKUNA. Saa tatu na nusu: HAKUNA. Saa nne mteja anayetaka nakala ya kitambulisho anaambiwa angoje, anangoja, anachoka, anaondoka.

"Amesahau," Risper anamwambia Emmah. "Au imemshinda. Au simu imeingia Tanzania."

"Au samaki amelala," anasema Emmah.

Saa tano Risper anashindwa kuvumilia. Anapiga simu. Upande wa pili kuna kelele za wanawake na ndoo.

"Mama, mashua zimerudi?"

"Zimerudi tangu saa kumi na mbili! Omena imejaa, wacha tu."

"Sasa mbona ukurasa bado unasema hakuna?"

"Kwa sababu hakuna," anasema Marcella. "Hii bado mbichi. Ombui atanunua omena inayotiririka maji? Nikiandika ipo na haijakauka, nitakuwa mwongo kama wewe."

Simu inakatwa. Emmah amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza wiki hii Risper anacheka, mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha sare ya mtu.

Saa tisa na dakika kumi ukurasa unabadilika. Risper anausogelea. Marcella hakuandika neno moja tu kama alivyofundishwa. Amefuta mstari wote na kuweka wake: "IPO. Gunia kumi na moja. Imekauka leo, haina mchanga. Kesho inategemea mawingu. Piga simu kabla hujakodi gari."

Saa kumi kasorobo Ombui anapiga simu Muhuru Bay. Marcella anasema hakuuliza bei kwanza. Aliuliza mawingu yakoje.

Kikundi cha Kinda kimembakiza Risper, na vikundi viwili kati ya vile sita vimeomba nambari yake. Javan bado anapita ufukweni, lakini sasa anapita akiuza vioo vya kuzuia simu kupasuka.

Risper anataka ifikapo Desemba awe na tovuti kumi na tano, akodi chumba kizima, na aache kuchapa barua kabisa. Lakini akiulizwa sasa anajua programu ipi ni bora, anafunga daftari lake na kutikisa kichwa.

Wiki ijayo anaanza kazi ya nyumba ya wageni yenye vyumba tisa mjini Homa Bay. Mwenyewe anataka wageni wahifadhi vyumba kwa mtandao. Risper amehesabu programu kumi na moja zinazodai kufanya hivyo, na kila anapoisoma moja anaielewa kidogo kuliko ile iliyotangulia.

"Kichwa kinauma tena," anasema. "Sijafungua hata moja, na sitafungua. Nimemwambia mwenye nyumba anipe chumba usiku mmoja, nilipie kama mgeni yeyote. Nitakaa pale mapokezi na soda yangu nione mgeni akifika ni nani anaamka kumfungulia, na ufunguo anautoa wapi."

Emmah anauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani: "Na ukiona ni yaya wa mwenye nyumba anayeamka, na hajui kusoma?"

Risper anafungua daftari na kuandika swali hilo juu ya ukurasa mpya.